Kitufe cha Hodi

Kila asubuhi mimi hufika shuleni kabla ya walimu. Nawasha kuni, natia maji kwenye sufuria kubwa, kisha nakoroga unga pembeni kwa maji baridi ili uji usifanye madonge. Hapa Miteja watu wazima wananiita Mama Mwahija, lakini wanafunzi wananiita Mama Uji, na sijawahi kuwakasirikia. Mahindi ya uji huo tunachanga sisi wazazi wenyewe, kila nyumba kwa uwezo wake. Kwa hiyo kila mzazi anaona ana haki ya kuuliza unga umekwenda wapi.

Mwanangu Mwahija yuko darasa la sita. Shule yetu ilipopata kompyuta, ile kubwa ya kuwekwa mezani, Mwalimu Benedicto aliyehamia kwetu kutoka Mtama alianzisha klabu ya kufundisha watoto kutengeneza programu. Mwahija akawa wa kwanza kujiandikisha. Niseme kweli, mimi na chombo kile hatukupendana. Ukimwuliza mtoto habari za hesabu, anakujibu habari za kipanya.

"Kipanya ni kile kidude cha kushika mkononi, mama," aliniambia siku moja tukipepeta mchele. "Ukikibonyeza, kompyuta inapata habari."

"Inapata habari kutoka kwa nani?"

"Kwa kidole chako."

"Na ikishapata, inampelekea nani?"

Mwahija akacheka mpaka akamwaga mchele. "Haimpelekei mtu, mama. Inafanya nilichoiagiza, basi."

Sikuridhika. Chombo kinachopokea habari za watu kikiwa kimya hivyo, mimi nakitazama kwa jicho la pembeni.

Haukupita muda mrefu Mwahija akatengeneza programu yake mwenyewe, ya mahudhurio. Kompyuta iliwekwa mlangoni mwa ofisi. Mtoto akifika asubuhi anatafuta jina lake kwenye kioo, halafu anabonyeza kitufe chenye picha ya mlango kilichoandikwa HODI. Mlango unafunguka, na jina lake linahamia upande wa waliopo. Ikiwa ataugua katikati ya masomo na kuruhusiwa kurudi nyumbani, anabonyeza kitufe kilekile kwa mara nyingine, mlango unafungwa, na jina linarudi upande wa wasiopo. Wageni kutoka wilayani walikuja kuiona wakaipigia makofi. Mwalimu Yustina, mwalimu mkuu wetu, akatangaza kwamba Mwahija atakwenda kuionyesha Lindi kwenye maonyesho ya shule. Walimu nao wakaacha kuita majina asubuhi, maana kompyuta inaita kwa niaba yao.

Programu ilikuwa bado mpya msimu wa korosho ulipoanza, na mambo yakaharibika.

Nyinyi wa huku mnajua. Korosho zikianza kuanguka, kuna wazazi wanaowazuia watoto nyumbani ili waokote. Ndiyo maana kompyuta iliposema watoto karibu nusu ya shule hawapo, hakuna aliyeshangaa. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Jafari, alipita nyumba hadi nyumba akiwafokea wazazi. Wazazi wakaapa kwamba watoto wao wako shuleni. Yeye akawaambia ni waongo, na kila mzazi akaanza kumshuku jirani yake kwamba ndiye mwenye kuficha watoto porini.

Siku moja Bwana Jafari akaingia jikoni kwangu. Hakukaa. Alifunua sufuria, akachungulia.

"Habari za jikoni, Mama Mwahija?"

"Nzuri, Mwenyekiti. Karibu uji."

"Uji wa watu wangapi huu?"

"Wa watoto waliopo."

"Waliopo ni nusu tu. Lakini unga unakwisha kama vile wamekuja wote na wageni juu. Hiyo nusu nyingine ya uji anakunywa nani?"

Mwiko ulinikwama mkononi. "Mwenyekiti, mimi nawaona watoto wakiwa na vikombe vyao. Hiyo kompyuta imewaona wapi?"

"Kompyuta haina ndugu, mama. Wewe unaye. Mdogo wako si ana kibanda cha ugali pale barabarani?"

Aliondoka akiniachia maneno hayo. Kufika jioni yalikuwa yamekwishafika bombani, maana nilipokwenda kuchota maji wanawake waliokuwa wakicheka wakanyamaza, na mmoja akanisalimu huku akiangalia ndoo yake. Nikajua. Halafu ikaja habari kwamba Ijumaa, baada ya swala, wazazi wataitwa mkutanoni nitolewe jikoni. Kazi ningeipoteza, lakini hilo lingevumilika. Lililonichoma ni kuitwa mwizi wa uji wa watoto. Jina hilo mtu akipewa kijijini anazikwa nalo.

Nikaanza kupeleleza mwenyewe. Kila nikifunga stoo, nilisawazisha unga ndani ya pipa, nikagandamiza kiganja changu juu yake. Asubuhi nikifungua, alama ya kiganja ilikuwa palepale, vidole vyote vimetulia. Kwa hiyo hakuna aliyeingia. Lakini sikuwahi kuwahesabu watoto, na kompyuta inasema ni nusu; basi unga unakwenda wapi? Nikamshuku mlinzi. Nikamshuku Bwana Jafari mwenyewe, kwamba anataka kumweka mkewe jikoni. Ukishaanza kushuku, utamaliza kijiji kizima.

Mwisho nikamshuku mwanangu.

Ufunguo wa stoo naulaza chini ya godoro langu, na anayejua ni Mwahija peke yake. Tena nilikuwa nimemwona amebadilika. Alikuwa halali vizuri, sahani yake anaisukuma, na nikimtazama anageukia ukutani. Jumatano aliniuliza, "Mama, ukitolewa jikoni, utafanya kazi gani?"

"Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Nauliza tu."

Mtoto hawezi kuuliza tu. Alipokwenda kuoga nikachukua mkoba wake wa shule, nikaukung'uta juu ya mkeka. Zikatoka daftari, peni na ganda la embe. Hata chembe ya unga haikuwemo. Mwahija akarudi na kanga yake kifuani, akanikuta nimeshika mkoba uliogeuzwa ndani nje.

"Mama! Unatafuta nini?"

"Unga. Unampelekea nani?"

Alisimama pale maji yakimchuruzika. Kisha akakaa chini.

"Unga haujapungua, mama," akasema. "Waliopungua ni watoto. Na mimi ndiye niliyewapunguza."

Sikumwelewa. Nikamwambia aanze mwanzo, asiruke kitu.

Akanieleza. Siku ile wageni walipokuja, kabla hawajaingia, rafiki yake Nusaiba alijaribu programu. Alifika kwenye kompyuta akasema, "Hodi, hodi," kama sote tunavyosema, na kila hodi akaibonyezea kipanya. Mara ya kwanza mlango ukafunguka. Mara ya pili ukafungwa, na jina lake likarudi kwa wasiopo.

"Kwani nani hapa kwetu anapiga hodi moja?" Mwahija alisema huku analia. "Lakini kwenye programu yangu, kubonyeza mara ya pili ni kuondoka. Nililiona kosa, mama. Nikamwambia Nusaiba, 'Umebonyeza vibaya wewe, sogea.' Wageni walikuwa mlangoni. Niliogopa Mwalimu akijua nisingepelekwa Lindi."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilisema nitarekebisha kimyakimya. Nikajaribu, nikashindwa. Nikaona haya kumwuliza Mwalimu."

"Na Bwana Jafari alipokuja kufunua sufuria yangu, ulijua?"

Aliitikia kwa kichwa. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, nikabaki nimekaa tu na ule mkoba mkononi.

Kesho yake tukaingia pamoja ofisini kwa Mwalimu Yustina. Kwa bahati, sijui nzuri au mbaya, Bwana Jafari alikuwa humo akipanga mkutano wake. Mwahija akaamkia, "Shikamooni."

"Marahaba," akajibu Mwalimu Yustina. "Kuna nini asubuhi yote hii, na mama yako?"

Mtoto akasema yote. Hakuruka kitu, hata lile la Nusaiba. Mwalimu Yustina alimsikiliza kwa makini. Bwana Jafari yeye alitabasamu.

"Umefundishwa vizuri," akasema. "Mama anaiba, mtoto anakuja kusema kompyuta ndiyo yenye kosa. Jana ilikuwa haikosei, leo inakosea!"

"Baba, sijafundishwa na mtu."

"Wote husema hivyo."

Mwalimu Yustina akatuma mtu amwite Mwalimu Benedicto. Alipofika na kuelezwa, hakubishana na mtu. Aliiwasha kompyuta, akaandika jina jipya kwenye orodha, akavuta kiti.

"Mwenyekiti, tusibishane," akasema. "Fanya wewe. Chukulia wewe ni mwanafunzi, ndio kwanza umefika shuleni. Jina lako hili hapa. Kitufe ni kile chenye mlango."

"Mimi naweza, sio mshamba," akasema Bwana Jafari. Akakaa, akashika kipanya kwa kiganja kizima kama anayeshika jiwe. Akasafisha koo. "Hodi, hodi!" akasema kwa sauti, na kidole chake kikaenda na maneno yake.

Sote tukatazama kioo. Mlango ulifunguka, ukafungwa. Chini yake pakaandikwa: JAFARI HAYUPO.

"Sipo vipi?" akafoka. "Mimi hapa nimekaa!"

Nusaiba na wenzake, waliokuwa wakichungulia dirishani, wakaangua kicheko. Hata Mwalimu Yustina alijifunika mdomo kwa ushungi. Mimi sikucheka. Nilimtazama Bwana Jafari mpaka akainamisha macho.

"Jaribu tena, Mwenyekiti," akasema Mwalimu Benedicto kwa upole. Akajaribu tena, tena akapiga hodi mbili. Mazoea hayamwachi mtu haraka. Bado hakuwepo.

Mwalimu mkuu akapiga kengele, watoto wakajipanga uwanjani, akawahesabu kwa kuwagusa vichwa mmoja mmoja. Waliokosekana kweli walikuwa wachache, wale wa korosho tunaowajua kila mwaka. Wengine wote walikuwepo, na siku zote walikuwepo, na uji wangu waliunywa.

Mwalimu Benedicto akamkalisha Mwahija mbele ya kompyuta, mimi nikiwa nimesimama nyuma yao. "Sikiliza," akamwambia. "Kompyuta haimwoni mtu. Haijui kama ni mwenyekiti, haijui kama anaingia au anatoka. Kila kipanya kinapobonyezwa, kwake hilo ni tukio. Inapokea tukio, inafanya ulichoiagiza. Likija tukio la pili, inafanya tena. Kwa hiyo wewe unayeandika ndiye wa kujiuliza: watu wangu wanabonyezaje? Wakibonyeza mara mbili, je? Mtoto mdogo akikung'uta kama ngoma, je?"

Wakafanya vitufe viwili, kimoja cha HODI na kingine cha KWAHERI, vilivyo mbali kimoja na kingine kwenye kioo. Ukishaingia, hodi zako nyingine zote kompyuta inazisikia na kuziacha zipite. Mwahija alimwita Nusaiba aje kuijaribu, na safari hii alimwomba abonyeze vibaya kadiri anavyoweza. Nusaiba alibonyeza mpaka kidole kikamwuma. Bado alikuwepo.

Ijumaa mkutano ulifanyika, watoto nao wakiwepo, lakini haukuwa ule uliopangwa. Bwana Jafari alisimama mbele ya wazazi akasema, "Nimemdhania vibaya Mama Mwahija, na nimewadhania vibaya wazazi wengi. Naomba mnisamehe." Nikamsamehe, ingawa sikumwambia siku ileile. Kisha Mwalimu Yustina akamsimamisha Mwahija. Akamwambia hatakwenda Lindi mwaka huu. Mwahija akasema, "Sawa, Mwalimu," na machozi yakamtoka, lakini hakukimbia.

"Mwanafunzi huyu hajaadhibiwa kwa kukosea," Mwalimu Yustina akawaambia watoto wote. "Kila anayeandika programu hukosea, na Mwalimu Benedicto hukosea. Ameadhibiwa kwa kuliona kosa akalifunika. Siku ya kwanza lilikuwa kosa la kitufe, lingetengenezwa asubuhi moja. Alipolifunika likawa ugomvi wa wazazi, likawa fitina, likakaribia kumtoa mama yake jikoni. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado lako peke yako."

Nami nawaambia nyinyi mnaosoma haya, kama mama. Kosa mlilolificha halikai pale mlipoliweka. Linatoka, linamtafuta mtu wa kumkamata, na mara nyingi halimkamati aliyelificha. Linamkamata yule aliyekaa karibu naye, yule anayempikia.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mikoroshoni, Mwahija akitangulia mbele yangu. Tulipokaribia mlangoni akasimama, akaniambia bila kugeuka, "Mama, siku ile kwenye mkoba, ungekuta unga, ungefanyaje?"

"Ningekupeleka kwa Mwalimu mkuu kwa mkono wangu."

"Hata mimi, mwanao?"

"Wewe hasa."

Akanishika mkono, tukaingia ndani.