Chenga Nyeupe Katika Picha

Hakuwa na shahada, hakuwa na gari, hakuwa na mjomba mwenye cheo, wala hakuwa na ulimi wa kujitetea. Alichokuwa nacho yule mpiga picha wa eksirei ni macho makali na kinyongo kisichopoa.

Alikutana na mshonaji mmoja penye msongamano wa mapokezi ya hospitali. Mshonaji, gauni la manjano limemkaa sawasawa, alibeba furushi la mavazi ya wagonjwa aliyoyashona. Likamwangukia mpiga picha kichwani.

"Pole, kaka! Umeumia wapi?"

"Moyoni tu, dada."

Tangu hapo simu zikawa haziishi.

Miezi ikapita, mshonaji akaja kupigwa picha ya matiti. Titi moja lilionyesha chenga nyeupe, kama chumvi iliyomwagika, zimejikusanya mahali pamoja.

"Mpenzi, mwombe daktari aagize picha ya kukuza, chenga hizi zionekane vizuri," alisema mpiga picha.

Lakini daktari alikuwa amepata mashine mpya ya ultrasaundi, na aliiringia kama bwana harusi. Akaipitisha, hakuona uvimbe.

"Mashine ya kisasa haijaona kitu," alimwambia mshonaji. "Huyo mpiga picha anatafuta njia ya kukuvua nguo tena."

Jioni ile mshonaji akampigia simu mpiga picha. "Kumbe ndivyo ulivyo! Usinipigie tena."

Kwa miezi mitano mpiga picha alimwamkia daktari kwa heshima, huku moyoni akimchimbia kaburi. Kisha simu ikalia.

"Ni mimi."

"Wewe nani?" Alimjua vizuri sana.

"Usinikomoe. Dada yangu alinipeleka hospitali nyingine. Wakazikuza zile chenga, wakachukua kipande kwa sindano. Ni saratani, ila changa, haijatoka kwenye mirija ya maziwa. Wameshaitoa."

Mpiga picha akatafuta kiti.

"Wamesema ultrasaundi inafaa kwa uvimbe, lakini chenga kama zile mara nyingi haizioni. Nisamehe, mpenzi."

"Wewe nimekusamehe. Yule, hapana."

"Nani kakwambia tumsamehe? Njoo na kalamu."

Wakaiandikia bodi ya hospitali juu ya meza ya cherehani, nakala za picha zote tatu zikiwa mbele yao: ya kwanza, ya ultrasaundi, na ya kukuza.

"Lile neno la kuvua nguo umeliandika?" aliuliza mshonaji.

"Nimeanza nalo."

"Lipigie mstari."

"Nimelipigia miwili. Na ndoa je?"

"Hiyo haiihusu bodi."

"Nakuuliza wewe."

"Kwanza tufunge bahasha."

Mpiga picha akaipaka gundi. Mshonaji hakuiamini gundi, akaupitisha ukingo wake kwenye cherehani, kwa uzi mwekundu, ili asiifungue mtu wa daktari njiani. Wakaongozana hadi posta wameshikana mikono.

Bahasha ilipodondoka ndani ya sanduku, ndipo mshonaji aliposema, "Ndiyo."