Kabati la Vitabu Nyuma ya Kiti

Uvumi ulimkuta Inspekta Rosalba Quiroz kwenye foleni ya mkate, mjini Chillán: fundi seremala Belarmino amemuua mwalimu Anselmo kwa skrubu fupi. Ardhi ilitikisika Jumanne, kabati la vitabu alilolifunga fundi likamwangukia mzee akiwa kitini, ndani ya ofisi ya nyumbani kwake. Maneno hayo yalimganda inspekta. Nyumbani kwake mwenyewe, rafu iliyo juu ya meza ya binti yake ilikuwa kazi ya fundi huyohuyo.

Belarmino alikuwa mahabusu tayari. Kioo cha karakana yake kilikuwa kimeshapigwa mawe.

Katika ofisi ya mwalimu, mwili ulikuwa umeondolewa, lakini kabati bado lilikuwa limelalia kiti. Rosalba alitazama ukuta wa nyuma. Hapakuwa na tundu hata moja.

Alisimama pale akijiuliza. Skrubu fupi huacha tundu fupi, lakini huacha. Na fundi gani wa Chile, nchi ya matetemeko, angesimamisha kabati bila kulifunga ukutani?

Jambo jingine: kamusi zote nzito zilikuwa zimemwagika upande wa rafu za juu. Upande wa chini yalikuwa maboksi matupu ya viatu tu.

Jirani, Bi Uberlinda, alipoulizwa kuhusu tetemeko, alicheka. "Lile? Hata kikombe sikukiweka chini."

Rosalba aliufuata ukuta wa pili polepole, pua mbele, maana kulikuwa na harufu ya mnanaa. Akakwangua kwa ukucha. Dawa ya meno. Chini yake matundu manne, kila moja lenye kina cha kidole.

Akamwita Maritza, binti wa marehemu, aliyeuza bima kwa kamera ya kompyuta kutoka chumba hicho.

"Kabati lilikuwa wapi mwezi uliopita?"

"Hapohapo."

"Na dawa ya meno ukutani?"

"Watoto hao."

"Watoto wa nani, dada? Humu mlikaa wewe na baba yako."

Rosalba akagusa tundu moja.

"Nani alifungua skrubu?"

"Mimi. Jumapili."

Kisha akaeleza yote. Nyuma ya kiti chake kamera ilionyesha kamba ya nguo, na wenzake kazini walizoea kumuuliza kama soksi za mzee zimekauka. Akataka vitabu vionekane, akalihamishia kabati hapo; vile vinene hasa, ndiyo maana akavipandisha juu. Jumanne mzee aliingia kupumzika kidogo kwenye kiti cha bintiye. Watu walipoanza kumtaja fundi, Maritza akanyamaza, akaziba matundu.

Akavuta droo, akatoa skrubu nne ndefu.

"Baba ndiye aliyenisaidia kusukuma," alisema. "Akaniuliza, utalifunga lini? Nikamwambia kesho."

Belarmino aliachiwa mchana huohuo. Rosalba alimwomba apitie nyumbani kwake. Fundi akaivuta rafu ya mtoto mara mbili, haikutikisika, akasema hana la kuongeza. Hata hivyo inspekta aliisogeza meza pembeni, akabandika karatasi kwenye friji:

Usiweke kabati refu nyuma ya kiti cha mtu, wala kando ya kitanda cha mtoto.

Usipandishe vizito juu ili vionekane.

Usihamishe kitu kilichofungwa ukutani kama drili haipo, na fundi hayupo.

Usimtaje mtu kabla hujautazama ukuta.

Usiseme kesho.