Alichokuwa Anaficha Alfayo

Ukumbi wa video wa Ooko pale Chepilat ulikuwa na harufu zake na wateja walizizoea: gambuti za wachuma chai, makoti yaliyolowa mvua, na mandazi ambayo mkewe Molly aliyakaanga mlangoni. Kwa hiyo mchana ule uliponuka sabuni ya kuogea, tena ile ya bei, pamoja na mvuke wa maji moto, kila mtu alimgeukia jirani yake akidhani ndiye. Wakataniana kidogo, wakasahau. Laiti wangetoka.

Filamu yenyewe ilikuwa ya upuzi, na sisemi hivyo kwa kuionea. Wanaume watatu wanapoteza suruali zao hotelini siku ya harusi, na kuanzia hapo ni makalio na matusi mpaka mwisho. Lakini Chepilat waliipenda kuliko zote kwa sababu Alfayo, kaka yake Ooko, ndiye aliyeitafsiri. Alfayo alikuwa dijei wa filamu. Alizungumza juu ya picha kwa Kiswahili cha hapa kwetu, akawapa Wazungu wale majina ya majirani, na watu wakacheka wakishika mbavu. Filamu ikifika bafuni, alikuwa amebandika utepe mweusi juu ya kioo cha ukutani, na hapo alipaza sauti: "Tizameni mlangoni, wazee wangu! Mlangoni huko!" Kila mtu aliamini kwamba nyuma ya utepe kuna mwanamke uchi, na kwamba Alfayo anawaogopa watu wa kanisa. Akiulizwa alisema tu, "Nimeficha kwa sababu." Akafa kwa ugonjwa wa kifua bila kuitaja sababu hiyo.

Basi Ooko akaleta tivi kubwa mpya, akaipata filamu ileile katika 4K, safi kabisa, bila sauti ya Alfayo na bila utepe. Ubishi ulianza hata kabla hajaiwasha.

"Upuzi ni upuzi tu, hata ukiuosha," alisema Makori, muuza ndizi. "4K ni ya mpira na wanyama wa porini. Makalio yanatakiwa kuonekana mpaka vinyweleo ya nini?"

"Hizo vinyweleo ndio tunataka!" vijana wakamjibu.

Molly alicheka, na alipocheka lile kovu la mafuta ya moto kwenye shavu lake la kushoto lilijikunja. Ooko alilipenda kovu hilo tangu mapenzi yao yakiwa machanga. "Baba Akello, ile ya shemeji ilikuwa inatutosha," alisema. "Lakini sasa umeileta, wacha nione alikuwa anaficha nini."

Faili lilikuwa kubwa na kompyuta ikalikataa. Ooko akaifuta ile ya Alfayo ili lipate nafasi.

Hakukuwa na mwanamke uchi. Ndani ya kioo alisimama mwanamke aliyevaa nguo zake zote, taulo kichwani likidondosha maji, ameupa ukumbi mgongo, na bafuni penyewe hapakuwa na mtu aliyesimama mbele ya kioo hicho. Watu wakazomea kwamba wamedanganywa miaka yote. Molly hakuzomea. Alisogea mpaka karibu na tivi, akatazama sana, na hapo ndipo ukumbi uliponuka sabuni.

Kila ilipoonyeshwa tena, mwanamke yule alikuwa amegeuka kidogo. Na kila alipogeuka, Molly alififia.

Ilianzia kwenye simu. Binti yao Akello, anayefanya kazi Kericho, alipiga akilalamika: "Mama, shika simu vizuri, uso wako hauonekani." Kisha wateja wakaanza kupokea mandazi huku wakipepesa macho. Kisha Ooko mwenyewe, akiwa ameketi mbele ya mkewe wakinywa chai, akayafikicha macho yake, akayafikicha tena, kwa maana mikono ya Molly aliiona na kanga yake aliiona, lakini pale penye uso palikuwa na ukungu kama picha iliyonakiliwa mara nyingi, na lile kovu halikuwepo.

"Kwa nini unaniangalia hivyo?" Molly alinong'ona. "Niambie ukweli. Niko?"

"Uko," akajibu, na akatoka nje alie.

Aliing'oa tivi kwenye umeme, lakini kwenye kioo chake cheusi maji yaliendelea kudondoka, to, to, to. Akabandika utepe wa fundi umeme mahali pale. Mwanamke akahamia upande wa pili. Hapo ndipo alipomwita Jentrix, mama wa maombi. Jentrix aliomba mpaka sauti ikamkauka, kisha akamvuta Ooko kando.

"Hii jini inakula macho ya watu," alisema polepole. "Ndugu yako alikuwa ameifungia. Utepe iliifunika, na sauti yake ilikuwa inapeleka macho mlangoni. Cheza ile ya zamani."

"Nimeifuta, mama."

"Basi tafuta, na ukimbie. Ikigeuka yote, itachukua uso ya Molly."

Wakaifunika tivi kwa blanketi, Jentrix akabaki na Molly, naye Ooko akaingia mvuani. Nusu ya wachuma chai walikuwa wamenakili filamu kwake, lakini mlango kwa mlango kambi yao nzima alikuta simu zilizokufa na flashi zilizojazwa nyimbo za kanisa, na kwa kila mlango uliofungwa aliuona tena ule ukungu mahali pa uso wa mkewe, akakimbia, akaanguka topeni, akainuka akiomba kwa lugha ya mama yake, mpaka akafika kwa Chepkemboi, mchuma chai wa mlango wa mwisho, ambaye alifungua kijisanduku chake bila haraka yoyote.

"Iko hapa," alisema. "Hii ya Alfayo mimi siwesi kufuta. Ilinichekesha wakati nilikuwa mkonjwa."

Aliporudi alimkuta Jentrix nje mlangoni, analowa. "Ooko, ngoja," alisema. "Nilimwita jina yake. Aliitika mara mbili. Moja ilitoka ndani ya blanketi."

Ooko hakungoja. Ni nani angengoja? Alilivuta blanketi, akaunganisha waya, akachomeka flashi, na picha ya zamani ikaja na ukungu wake, na sauti ya Alfayo ikaujaza ukumbi, hai, yenye kicheko, wanaume wale wakakimbilia bafuni bila suruali, na utepe mweusi ukatua juu ya kioo. "Tizameni mlangoni, wazee wangu!"

Maji yakaacha kudondoka. Harufu ya sabuni ikakatika. Ooko akatazama mlangoni, na Molly alikuwa amesimama hapo, uso wake safi, kila unywele wa nyusi ukionekana. Akamkumbatia akilia kwa sauti. Akamshika mashavu, akalitafuta kovu kwa kidole kama alivyozoea, na shavu la kushoto lilikuwa laini kabisa.

Kovu lilikuwa kwenye shavu la kulia.

Na kwenye spika, chini ya kicheko cha Alfayo, nyuma ya utepe ambao Ooko aliurudisha kwa mkono wake mwenyewe, mwanamke alikuwa akigonga kioo.

"Baba Akello, usinifunike. Mimi ndio niko huku."