Nguzo Nyeupe ya Kiwandeo

Zama zile, bunduki zikiwa bado chache katika pwani yetu, mji wa Kiwandeo ulikuwa na nguzo ndefu ya mawe kilimani, ikipakwa chokaa kila mwaka baada ya mfungo. Nahodha aliyeielekezea omo, pua ya chombo chake, aliingia bandarini salama. Aliyeikosa, chombo chake kilipanda mwamba. Mlinzi wa nguzo hiyo alikuwa rubani Lali bin Shekuwe. Naye, kama marubani wote wa pwani, alikuwa ameapa kwa Msahafu kwamba alama ya bahari haitamdanganya mtu, awe rafiki au adui.

Mwaka huo watu wa Chongowe waliuzingira mji. Walichoma mashamba ya mtama, wakafukia visima vya nje, na sasa mitepe yao, vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, ilikuwa njiani kuja na maji kujaa, imesheheni watu wa mikuki.

Malkia Mwana Esha akamwita Lali barazani.

"Ipake nguzo matope," alisema. "Kisha upake chokaa ule mnara mbovu wa kusini, unaokabili mwamba."

"Mwana, nimeapa."

"Kiapo chako kitawapikia uji watoto hawa? Au wale wakija utasimama langoni uwasomee?"

Watu wakacheka, kicheko cha wenye njaa. Lali akainamisha kichwa. Mkewe na binti zake walikuwa ndani ya kuta zile.

Alipaka kwa mikono yake mwenyewe, asimtwike mtu mwingine dhambi ile. Kila alipochovya makumbi ya nazi katika chokaa alijaribu kumwomba Mola, ulimi ukamganda.

Jua lilipopanda, mitepe ikatokea. Aliyeiongoza alikuwa Mngumi, rubani wa Chongowe, aliyesoma bahari pamoja na Lali kwa mwalimu mmoja. Kutoka ukutani Lali alimwona akikinga macho kwa kiganja. Tanga likashushwa nusu. "Rudi, ndugu yangu," Lali alinong'ona, huku moyo wake ukiomba asirudi. Tanga likapandishwa tena.

Mwamba ulikata kamba zilizoshona mbao, na vyombo vilivyofuata vikaangukia palepale. Mji ukalipuka kwa vigelegele.

Lali akashuka na dau lake. "Waokoa nyoka, Lali!" walimzomea. Alimkuta Mngumi juu ya mwamba, kifua kimevunjika.

"Niliona kilima kimekaa vibaya," Mngumi alisema. "Nikajiambia, macho yangu ndiyo yamezeeka. Maana nguzo ni ya Lali."

Akakata roho.

Malkia alimtunuku Lali joho la hariri; naye akamzika Mngumi nalo. Kisha akaukwangua mnara wa kusini, akaiosha nguzo, akaipaka chokaa upya. Nyimbo za mji zilihifadhi werevu wa malkia, na ni kweli watoto walikula.

Msimu uliofuata, chombo cha biashara kutoka Shihiri, Uarabuni, kilisimama nje ya mwamba. Lali akakiendea.

"Nguzo tunaiona, Sheikh!" nahodha alipaza sauti. "Lakini yaliyowapata Chongowe tumeyasikia. Nani atatuapia kwamba ni ya kweli?"

Lali akafumbua kinywa aape, na kiapo kikakataa kutoka. Chombo kikageuza tanga, kikaenda zake kaskazini.