Fidla ya Eulalio

Walikutana kwa kugombea tamale, mkate wa mahindi wa Kimexico uliofungwa majanini. Lilibaki moja tu kwenye ndoo ya muuzaji pale uwanja wa Plaza, Los Angeles, Jumapili watu wakitoka misani, na mikono miwili ikaliwahi pamoja.

"Mwanaume mzima unapigania chakula na mwanamke!"

"Mwanamke gani ana kofi zito hivi?"

Aliyepigwa ni Eulalio Barragán, mpiga fidla, kola yake imepauka kwa kufuliwa. Mwenye kofi ni Ernestina Zazueta wa Mazatlán, Mexico, gauni la manjano, kofia iliyobana masikio. Mwaka haukuisha kabla sura yake haijabandikwa kila ukuta wa mji, kwenye matangazo ya sinema.

Enzi hizo sinema hazikuwa na sauti, na mwigizaji akitakiwa kulia, alipigiwa muziki kando ya kamera. Ernestina akashikilia: apige Eulalio, la sivyo halii. Wimbo mmoja tu wa kwao, machozi yakatiririka kama bomba limepasuka.

"Utanimaliza machozi, Lalo," alimtania kwenye simu. "Wala hunitazami!"

"Nikipiga nafumba macho, roho yangu. Nikikuona nakosea."

Kisha gazeti likaandika kwamba Ernestina kachumbiwa na mwigizaji mwenzake, Harlan Pruitt. Uongo wa kampuni ya sinema, wa kuuzia tiketi, na mkataba ulimkataza kukanusha. Alipompigia Eulalio, mama mwenye nyumba aliyopanga aliagizwa aseme katoka. Mwanaume huyo: uzi wa fidla ukilegea kidogo tu anausikia, mpenzi wake hamsikii.

Siku ya mwisho ya sinema ilipigwa picha ya kuagana, Ernestina akimuaga mpenzi wa kwenye hadithi. Eulalio akapiga, macho kayafumba kwa nguvu kuliko siku zote. Mwongozaji akairudia mara tano. Walipomaliza, Eulalio akatia fidla kwenye kasha, akapanda treni ya El Paso bila hata kwaheri.

Alirudi baada ya miaka mitatu, akapanga palepale. Sinema zilikuwa zimeanza kusema, na lafudhi ya Ernestina hakuna kampuni iliyoitaka. Ukumbi wa Wamexico wa Mtaa wa Main ulikuwa ukionyesha sinema yao ile ya zamani. Eulalio akaingia. Picha ya kuagana ikafika, yakatokea maandishi: "Kwaheri, Richard."

"Richard gani? Tazameni midomo!" akapayuka mama mmoja. "Anasema Kihispania chetu! 'Usiondoke, Eulalio, ni wewe tu.' Sasa huyo Eulalio ni bwege gani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Bwege alikaa nyuma yake, kofia mapajani.

Akakimbilia simu ya mama mwenye nyumba.

"Nimeiona, Tina."

"Nilisema mara tano, Lalo. Ulikuwa hatua sita tu mbele yangu."

"Nilifumba macho."

"Najua. Mimi nilikuwa nakutazama."

"Nije sasa hivi?"

"Mizigo imeshafungwa. Kesho narudi Mazatlán kuolewa. Ni daktari wa meno, hajui hata kuimba." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini akitaka kujua jambo, huuliza."

Eulalio akaukandamiza mkono wa simu sikioni.

"Nipigie ule wimbo. Usikate simu."

Akaulaza mkono wa simu juu ya meza ya mama mwenye nyumba, akaweka fidla begani, akapiga mpaka mwisho, macho wazi, kayakodolea lile tundu jeusi la simu, asijue kama huko upande wa pili midomo inasema kitu.