Swali Lililohamishiwa Jiografia

Swali lilikuwa limerudi. Constance alikuwa amelihamisha mwenyewe kutoka Maswali Mapya kwenda Jiografia, akatoka kununua maandazi, na aliporudi alilikuta palepale lilipokuwa, juu kabisa.

"Bertin, ni we unanichezea?"

"Mi sijagusa kitu, yaya," akajibu Bertin, aliyemwita hivyo kama dada mkubwa.

Akalihamisha tena, akaendelea kutafuna. Wao wawili ndio waliosimamia jukwaa la mtandaoni la kazi za shule pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, katika chumba cha nyuma cha duka la kuchaji simu. Vita vilikuwa vimefunga shule nyingi za eneo la Fizi, na wanafunzi waliojiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, waliuliza maswali yao kwa simu. Constance na Bertin waliyapeleka kila moja kwenye sehemu yake, hesabu kwa hesabu, kemia kwa kemia, ili walimu waliojitolea wayajibu. Ilikuwa kazi ya mkono mwepesi, na Constance alijisifu kwa mkono wake: anasoma mstari wa kwanza tu, basi, swali limeshakwenda. Sehemu ya Jiografia haikuwa na mwalimu tangu yule wa zamani akimbilie Uvira, lakini hilo, alisema, si kosa la msimamizi.

Mchana huohuo harufu ikaanza, harufu ya mpira ulioungua. Bertin alikwenda kuangalia betri za sola, akarudi akitikisa kichwa. Kisha nje ya mlango kukasikika mtu anaburuta kandambili, anafika, anasimama, hagongi.

"Ingia," Constance akasema.

Hakuna aliyeingia. Bertin alifungua akaona jua kali na kuku wa jirani. Kizingitini palikuwa na vumbi jekundu la barabarani, nao walikuwa wamefagia asubuhi.

Walipogeukia kompyuta, swali lilikuwa limerudi tena. Safari hii Bertin alilisoma lote, kwa sauti ya chini.

"'Naomba kujua njia za kutoka Kazimia mpaka Baraka. Dissertation iko lundi. Batu banasema barabara iko mubaya. Nipite wapi?'" Akaweka kidole kwenye neno dissertation, mtihani wa insha, kisha kwenye lundi, Jumatatu. "Yaya, iyi haikuwa devoir ya shule."

"Nani aliandika?"

"Félicité. Iko ya mwezi ulipita. Ni ule mutoto alikufa ndani ya gari, ile balichoma mu barabara ya Kazimia."

Constance akaliweka andazi chini. Mwezi uliopita pia mkono wake ulilipeleka Jiografia hivihivi, bila kufika mstari wa pili. Msichana alisubiri jibu mahali ambapo hakuna mtu aliyefungua, halafu akapanda gari. Constance aliona aibu, na juu ya aibu ikaja hofu.

"Futa," akanong'ona.

"Haifutike."

Ndipo sehemu mpya ikajitokeza chini ya Jiografia. Iliitwa Njiani, na hakuna kati yao aliyeiunda. Swali moja la hesabu likahama lenyewe likaingia humo. Aliyeliandika alikuwa Ketsia, mdogo wake Constance, aliyekuwa Kazimia kwa shangazi yao na ambaye kesho yake angepanda gari kuja kufanya mitihani iliyobaki.

Constance akalirudisha kwenye Hesabu, likaenda Njiani, akalirudisha, likaenda, akapiga simu ya Ketsia na simu haikuita, akaandika chini ya swali lake kwamba asitoke, asipande gari, na maneno yakafutika kabla hajainua kidole, na harufu ya mpira ikamjaa puani, na kandambili sasa zilikuwa ndani ya chumba, nyuma ya kiti chake, zikiburutwa taratibu, wala hakuthubutu kugeuka, kwa sababu Bertin, aliyekaa akitazama huko nyuma, alikuwa ameacha kupumua.

Bertin akakimbia kumwita Mama Pulchérie wa chambre de prière, nyumba ya maombi ya jirani, ambaye alikuwa amefukuza mapepo mengi mtaani pale. Mama alikuja na chupa yake ya mafuta, akasimama mlangoni, akanusa, akaifunga chupa.

"Kuomba nitaomba," akasema. "Lakini iyi haiko jini ya ziwa, mutoto yangu. Ni muntu aliuliza, na hamukumujibu. Mumujibu kwanza."

Constance akaandika chini ya swali la Félicité: Usipite barabara. Panda boti. Utusamehe. Safari hii maneno yalibaki. Mama Pulchérie akaomba, kandambili zikatoka, harufu ikaisha, na sehemu ya Njiani ikatoweka. Bertin alilia bila kuficha uso.

Kesho yake Ketsia alishuka ufukweni Baraka, sketi imelowa maji. Constance alimkumbatia mpaka msichana akalalamika.

"Yaya, niache. Gari ya asubuhi haikufika, banasema balipiga masasi ya bunduki. Mi nilisoma jibu yako, ndiyo nikapanda boti."

"Jibu gani?"

"Ile uliandika chini ya swali yangu. Lakini ile 'utusamehe' sikuelewa. Nibasamehe nini?"

Constance alikimbia hadi kile chumba cha nyuma cha duka. Chini ya swali la Félicité hapakuwa na jibu. Palikuwa na ile taarifa fupi ambayo jukwaa huiweka kila msimamizi anapoondoa kitu mahali pake: Jibu hili limehamishwa. Nje, kandambili zilifika mlangoni, zikasimama. Na mbele ya macho yake mstari mpya ukaanza kujiandika.

Jibu yangu nimemupatia mudogo yako. Mi nipite wapi?