Ukurasa Uliokata Neno Ng'ombe

Mshikio wa ndoo ulilia nje kabla hakujapambazuka. Nilijua ni mjukuu wangu Kemilembe, anampelekea Bihogo maji kwa mara ya tatu.

"Bibi, hanywi," alisema mlangoni. "Masikio yake ni ya moto."

Ilikuwa siku ya tano. Bihogo ndiye ng'ombe wetu pekee. Bila samadi yake migomba ya kibanja, shamba letu la nyumbani, ingedhoofika. Siku ya kwanza tu tulimwomba daktari wa mifugo kupitia ukurasa wa mtandao wa chama cha wafugaji hapa Nshamba. Nilipopiga simu ofisini, waliniambia nisubiri zamu yangu kwenye orodha.

"Labda wametusahau," nilisema.

Kemilembe akaangua kilio. "Bibi, nadhani kosa ni langu."

Kulipokucha tulikwenda kwa Mwalimu Gamaliel, aliyeutengeneza ukurasa ule pamoja na Kemilembe na wenzake wa klabu ya kompyuta. Alinivutia kiti kabla hata ya kuuliza shida yetu. Nilipomweleza kuwa daktari hajafika, alimgeukia mjukuu wangu.

"Kemilembe, si uliniambia umekagua?"

"Nilikagua kiolezo tu, Mwalimu, kikiwa kitupu. Ukurasa wenyewe, ambao seva inautunga baada ya kujaza majina ya mifugo, sikuukagua. Nilikuwa nawahi mchezo wa rede. Nilikudanganya."

Mwalimu hakufoka. Alichukua HTML, yaani maandishi ambayo seva hutuma ili ukurasa uonekane, akayapitisha kwenye kikaguzi, programu inayotafuta makosa. Mstari mwekundu ukatokea.

"Soma hapo."

Kemilembe alisoma, akajishika kichwa. "Tulifunga kila jina kati ya ritifaa mbili. Na ng'ombe ana ritifaa yake katikati! Kompyuta imedhani neno limeishia hapo."

"Kwa hiyo ofisini wamepokea nini?" niliuliza.

"'Ng' tu, waitu bibi," Mwalimu alijibu. "Programu haimjui mnyama huyo, ikayatupa pembeni maombi yote ya ng'ombe."

"Ndiyo maana mbuzi wa Nshamba wote wana afya!" nilisema, ingawa moyo ulikuwa unaniuma.

Yalikuwa maombi kumi na moja. Mwalimu alimpigia daktari papo hapo, na kabla ya saa sita pikipiki yake ilisimama kwetu. Alimchoma Bihogo sindano. "Ni ndigana, ugonjwa wa kupe," alisema. "Siwaahidi kitu." Siku mbili tulikaa bila matumaini. Siku ya tatu Bihogo alitafuna majani.

Kemilembe alirekebisha kosa, kisha akaukagua ukurasa uliotoka kwenye seva kwa kila mnyama, hadi wekundu ukaisha. Mwalimu Gamaliel alimwambia, "Usiseme umekagua mpaka umekagua kile kitakachowafikia watu. Na ukiwa hujakagua, sema hujakagua. Ungesema, tungekusaidia."

Lakini ndama wa jirani yetu, Mzee Rutaihwa, aliyekuwa pia ametuma ombi, hakupona. Kemilembe aliomba kwenda kwake mwenyewe. Nilimsindikiza hadi uani kwa mzee.

"Babu," alisema akipiga magoti, "ombi lako lilipotea kwa sababu nilisema uongo. Nisamehe."

Mzee akamwinua, akampangusa vumbi magotini.

"Nilidhani hawakunijali kwa kuwa ni mzee," alisema. "Sasa nimejua. Njoo tena Jumapili, mjukuu wangu. Siku hizi hapa nyumbani pamekuwa kimya mno."